Mchoma Chokaa Juu ya Paa

Mchoma chokaa alikuwa na kope nyeupe. Hata siku ya Idi, akiwa amekoga kwa sabuni na kuvaa kanzu iliyopigwa pasi, vumbi la chokaa lilibaki kwenye kope zake kama unga kwenye ukingo wa kinu. Ukikaa naye uso kwa uso ulijikuta unazitazama kope hizo badala ya kumsikiliza. Yeye alijua. Alikuwa akinyamaza katikati ya maneno, akasubiri umalize kutazama, kisha akaendelea pale alipoachia.

Nilipanga chumba ubavuni mwa nyumba yake, mtaa wa Mabawa, nilipomaliza shule na kupata kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa meli mjini Tanga. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mkonge ulikuwa na bei na mji ulikuwa umejaa watu kutoka kila upande. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikumwuliza, wala yeye hakupata kunieleza. Watu walimwita kwa kazi yake. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Utamsikia uani: "Mchoma chokaa kesharudi? Mwambieni maji yake yanapoa."

Tangu siku zile nimekaa Mombasa, Lindi, Moshi, Unguja, na kwingine. Sijui kukaa. Kila mji nimeuhama mara tu nilipoanza kusalimiwa kwa jina, kisha nikaukumbuka kwa miaka. Watu wengi wamenitoka kichwani. Yeye hakunitoka, ingawa siwezi kusema tulikuwa marafiki. Nikimkumbuka sisikii huzuni wala furaha. Namwona tu, yuko juu ya paa, ana msumari mdomoni.

Tanuri lake lilikuwa karibu na mikoko, mahali ambapo maji yakijaa hayafiki. Mtu akisikia tanuri hufikiri kitu cha matofali. Lake halikuwa hivyo. Alipanga magogo ya minazi na ya mikoko kwa duara, safu juu ya safu, kama anayetandika kitanda cha mviringo, kisha juu yake akalundika matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Katikati aliacha shimo la kutilia moto. Moto ukishashika, kazi iliyobaki ni kukaa kando na kutazama mbinguni. Mvua ikishuka juu ya tanuri linalowaka, mawe hubaki nusu, si mawe tena wala si chokaa, na jasho lote la kuyachimba na kuyabeba limepotea.

Kwa hiyo aliishi akiiogopa mvua. Mwaka mmoja kulikuwa na ukame, visima vya Mabawa vikawa vinatoa matope, na watu wakatoka kwenda uwanjani kusali sala ya kuomba mvua. Yeye alikuwa na tanuri linawaka. Alikwenda, akasimama katika safu ya nyuma, akainua mikono kama wengine. Tuliporudi, jirani mmoja mwenye maneno akamchokoza njiani.

"Mchoma chokaa, leo umeomba nini?"

"Nimeitikia amina."

"Amina ya mvua?"

"Sikuuliza ya nini."

Watu walicheka mpaka Mabawa. Yeye hakucheka. Sikumbuki kumwona akicheka, lakini alikuwa akiwachekesha wengine na alijua anawachekesha.

Hakuwa mtu wa kusema uongo. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Ilikuwa kama kilema. Kuna mtu hawezi kunyoosha mkono, yeye hakuweza kusema lisilokuwepo. Fundi mwashi mmoja alikuja kuchukua chokaa, nami nilikuwepo.

"Hii nzuri?" fundi akauliza.

"Mbaya."

"Mbaya vipi, nami naiona nyeupe?"

"Hata chumvi nyeupe. Kajenge kwa chumvi."

Fundi akaondoka amekasirika, akarudi juma la pili, akapewa iliyokuwa nzuri. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe alikuwa mwanamke wa Kidigo, mnene, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya nne. Akimwuliza mchuzi vipi, alijibu, "Chumvi." "Imezidi au imepungua?" "Imezidi." "Basi kula hivyo hivyo." "Nakula." Na alikula mpaka sahani ikawa safi, akainuka, akaiosha mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa barazani walilisema sana.

Na mtu huyo huyo, kwenye bao, alikuwa mwizi. Alihamisha kete kwa kidole cha mwisho huku akikutazama usoni na zile kope zake. Ukimwambia, "Umeiba," alisema, "Nimeiba," akairudisha kete mahali pake, mchezo ukaendelea. Usipomwambia, alikula kete zako na kwenda zake. Niliwahi kumwuliza inakuwaje mtu asiyeweza kusema uongo aweze kuiba. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana miguu miwili.

"Karani," alisema, maana aliniita hivyo siku zote, "kuiba nimeiba mimi. Kuulizwa umeuliza wewe. Hayo ni mambo mawili."

Kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani aliupaka chokaa msikiti wa mtaa, ndani na nje, bila kutaka chochote. Hakupenda kushukuriwa. Imamu alipomwombea dua mbele ya watu, yeye alikuwa tayari ameshatoka, viatu mkononi. Hata kusali alisali safu ya nyuma, karibu na mlango, na wakati mwingine alimkosoa imamu kwa kurefusha sala. Lakini kuta zile zilikuwa zake. Ukipita naye mbele ya msikiti, aliweka kiganja ukutani kidogo, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake.

Ngazi ya kupakia chokaa ilikuwa ya msikiti, ndefu, ya mikoko, na yeye ndiye aliyekuwa akiitunza uani kwake.

Hapo ndipo saruji ilipoingia. Ilikuwa imekuja Tanga siku nyingi, kwa majengo ya serikali na ya mashamba ya mkonge, lakini mitaani kwetu watu walijenga kwa udongo na chokaa. Kisha tajiri mmoja akafungua bohari la saruji nyuma ya mtaa, jengo refu la mabati, mifuko imepangwa mpaka juu. Mafundi walianza kwenda huko. Wateja walipungua, mchoma chokaa akapunguza ukubwa wa tanuri, basi.

Kilichomchoma ni msikiti. Wazee wa msikiti walikaa wakaona ukuta wa upande wa kibla unabanduka, wakaamua kuubomoa na kuujenga upya kwa saruji, na kuta nyingine zote kuzipiga lipu ya saruji ili zisihitaji kupakwa tena. Mifuko yao ililipiwa, ikawekwa kule kule bohari pamoja na ya wengine kungojea fundi. Hakuna aliyemweleza yeye. Alisikia barazani, katikati ya bao, kutoka kwa mtu aliyedhani yeye keshaambiwa.

"Utapumzika sasa," yule mtu alimwambia. "Hutapanda tena ngazi uzeeni."

Mchoma chokaa akacheza zamu yake. Akasema, "Ukuta wa chokaa unapumua. Huo wa simenti ni mtu aliyefumbwa mdomo." Siku ile hakuiba kete hata moja.

Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo alilolipanga, na kila mara naona kuwa ni mchoma chokaa tu angeweza kulipanga. Mtu mwingine mwenye hasira angefikiria moto. Yeye alikuwa na moto kila juma na alijua saruji haiujali. Alijua adui wa saruji ni nani. Mfuko wa saruji ukiingiwa na maji hugeuka jiwe ndani ya mfuko wake, na jiwe hilo halina kazi. Masika yalikuwa yanakaribia. Alichohitaji ni kufungua paa kidogo na kuacha mvua ifanye iliyobaki. Ile mvua aliyoikimbia maisha yake yote, sasa aliitaka imtumikie.

Mlinzi wa bohari alikuwa Msambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka. Jumapili bohari lilifungwa na mlinzi alikwenda kanisani asubuhi, akarudi karibu na adhuhuri. Mtaa mzima ulijua. Jumapili moja mchoma chokaa akabeba ngazi ya msikiti, akapita nayo barabarani mchana kweupe, watu wakimsalimia, maana nani angemshuku na ngazi ile? Akaiegemeza nyuma ya bohari, akapanda, akang'oa misumari ya mabati kadhaa juu ya mifuko. Hakuyatoa mabati. Aliyalegeza tu, akayasukuma kidogo, upenyo wa kiganja. Akashuka, akarudi nyumbani, akala.

Mvua haikunyesha. Mawingu yalikuja kila alasiri kutoka baharini, yakasimama juu ya mji, yakaondoka. Juma lile alikuwa akitoka uani na kuinua uso, akakaa hivyo. Mimi nilimwona nikadhani ana tanuri linawaka. Baadaye, alipokuwa ametoka jela, aliniambia yaliyokuwa moyoni mwake siku zile, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyopata kuyasikia kwake.

"Karani, tangu nina akili nimeomba mvua isinyeshe. Juma lile nikaomba inyeshe. Nikaona mdomo haunijui. Naomba, na maneno hayatoki yalivyozoea. Siku ya nne nikaacha kuomba. Siku ya tano nikaanza kuogopa isije ikanyesha. Sikuogopa polisi. Niliogopa mvua, kama kawaida yangu. Nikasema basi, nitakwenda kufunga."

Alingoja Jumapili. Angeweza kumwendea tajiri akamwambia. Angeweza kumwambia imamu. Alimwambia mkewe tu, na mkewe akamwambia, "Nenda kafunge, urudi ule." Akanunua misumari mipya ya bati, ile yenye kofia, akachukua ngazi na nyundo, akapanda pale pale.

Jumapili ile mchungaji alikuwa amekwenda milimani na ibada ilikuwa fupi. Mlinzi akarudi mapema, kitabu cha nyimbo kwapani, akasikia nyundo inalia juu ya bohari lake. Alipozunguka nyuma akamwona mzee wa watu yuko juu, ameinama, misumari mdomoni. Watu waliokuwa karibu walisikia walivyosemezana, na mlinzi mwenyewe aliyarudia mahakamani, kwa hiyo nayajua vizuri.

"Wee mzee! Unafanya nini huko?"

"Nafunga bati."

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

"Basi nani kalifungua?"

"Mimi."

"Lo! Shuka!"

"Ngoja nigongee huu wa mwisho."

"Shuka nimesema!"

"Bati moja limebaki, mwanangu. Ukiniteremsha sasa litabaki wazi na mvua ile pale inakuja."

Mlinzi alikuwa mtu mwoga kwa kazi yake. Akaivuta ngazi. Mchoma chokaa akakaa juu ya paa mpaka polisi wakaja, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akagongea ule msumari wa mwisho. Polisi walipofika walimkuta amemaliza, amekaa, nyundo mapajani. Mvua ilianza usiku ule na haikuacha kwa siku nyingi. Hakuna mfuko hata mmoja uliolowa.

Walimshtaki kwa kujaribu kuharibu mali kwa makusudi.

Kabla ya kesi walimjia watu wawili. Wa kwanza ni yule jirani mwenye maneno, ambaye alipata kufanya kazi mahakamani kama tarishi na kwa hiyo alijihesabu wakili. Alimwambia aseme kitu kimoja tu: kwamba alipita, akaona mabati yamelegea kwa upepo, akapanda kuyafunga kwa ajili ya Mungu. Nani angempinga? Misumari mipya ilikuwepo, nyundo ilikuwepo, paa lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa amesikia maneno, ndiyo, lakini mlinzi alikuwa mtu wa milimani na Kiswahili chake watu walikicheka.

"Sema upepo," jirani akasema. "Upepo hauji kutoa ushahidi."

"Haukuwa upepo," akasema mchoma chokaa.

Wa pili ni imamu, ambaye alikuja zaidi kwa sababu ya ngazi, maana polisi walikuwa wameichukua kama kidhibiti na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Lakini alipokaa alimwambia jambo la dini: mtu akinuia ovu kisha akaliacha kwa kumwogopa Mungu, haandikiwi dhambi, huandikiwa jema. Jema kamili. Mchoma chokaa alilisikiliza hilo kwa makini. Nafikiri ndilo alilokwenda nalo mahakamani. Alidhani hakimu naye ana daftari la namna ile.

Mkewe aliniomba niombe ruhusa kazini nikakae naye, kwa kuwa kesi ingeendeshwa kwa Kiingereza na mkalimani alikuwa akimtafsiria mshtakiwa kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. Tulikaa kwenye benchi la nyuma. Kila hakimu alipofumbua mdomo alinipiga kiwiko.

"Kasema nini?"

"Anauliza kama anakubali alifungua mabati."

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema ndiyo."

"Kweli kafungua. Haya. Sasa?"

"Anauliza alifungua ili iweje."

Hilo tulilisikia wenyewe, maana mchoma chokaa hakungoja mkalimani. Alijibu kwa sauti ya kutosha: "Ili mvua iingie iharibu simenti. Halafu nikaona vibaya, nikarudi kufunga. Mliniona nafunga." Alisema akiwa amesimama wima, kama mtu anayetoa hati yake ya kumiliki shamba. Mkewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimemtazama mkalimani. Aliangalia chini kabla ya kutafsiri.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza mlinzi maswali ya haki, akaitazama misumari ile mipya mmoja mmoja. Aliporudi kusoma hukumu, alisema anaamini kila neno la mshtakiwa. Alisema anaamini kwamba alirudi kwa hiari yake, bila kukamatwa kwanza, bila kutishwa. Alisema sheria haiangalii hilo katika kosa. Mtu akishakusudia, na akishafanya kitendo cha wazi cha kulitimiza kusudi lake, kosa la kujaribu limekwisha kuwa kosa, hata kama yeye mwenyewe alibadili nia akaacha. Kubadili nia kunaangaliwa katika kupunguza adhabu tu.

"Kasema nini?" Kiwiko.

"Kasema anamwamini."

"Alhamdulillahi."

"Lakini ana kosa."

Akanigeukia mwili mzima, benchi likalia. "Kosa gani? Kwani kimeharibika nini?"

"Hakikuharibika kitu, mama."

"Basi wanamfungia nini?"

"Kujaribu."

"Kujaribu kuharibu?"

"Ndiyo."

"Na kutengeneza je? Si kajaribu, na kaweza? Hilo lenyewe halina kesi?"

Askari akamwambia anyamaze. Nilimweleza baadaye nje, chini ya ukuta, na kadiri nilivyomweleza ndivyo nilivyozidi kulielewa jambo lenyewe na yeye kuzidi kutolielewa. Mumewe alipewa miezi, si miaka. Angesema upepo, angekwenda nyumbani mchana ule.

Mtaa ulimsema kwa muda. Wengine walisema ni mjinga, wengine mhalifu, na wazee wa msikiti walikuwa na uchungu na ngazi kuliko jambo jingine lolote. Ilikaa kituoni na kibandiko chake mpaka baada ya Idi. Ukuta wa kibla ulijengwa kwa saruji ile ile. Ulijengwa vizuri. Nilipopita Tanga mara ya mwisho ulikuwa bado umesimama, rangi ya kijivu.

Alipotoka hakuonekana kubadilika. Jela walimpa kazi ya kupaka mawe chokaa kando ya barabara za wakubwa. "Chokaa yao mbichi," alinieleza, "imeungua nje tu." Aliwaambia wasimamizi wake hivyo na akapewa kazi ya kuchota maji. Hakuwasha tena tanuri Mabawa. Mkewe alikuwa na ndugu zake Moa, huko karibu na mpaka, wakafunga mizigo. Siku ya kuondoka niliwasaidia kupakia. Aliniambia tu, "Haya, karani," na mimi nikasema, "Haya, mzee." Mwezi uliofuata nami nilihama.

Nilimwona mara moja tena, miaka ya mwisho ya hamsini, watu wakianza kuzungumza uhuru kila baraza. Nilikuwa nakwenda Mombasa na nilishuka Moa kwa sababu yake. Nilikuwa na swali. Nilitaka kumwuliza kama, baada ya yote, angesema upepo.

Nilimkuta ameketi kivulini nyuma ya nyumba, mkewe amekwenda msibani kijiji cha pili. Kope zilikuwa nyeusi. Sikuamini. Zilimfanya aonekane mtu mwingine, mdogo zaidi, au mgonjwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaniletea dafu mwenyewe. Aliniuliza habari za Tanga mtaa kwa mtaa, bila kuonekana kuzihitaji. Jua lilikuwa la saa saba.

Mbele yetu, mwisho wa kiwanja, ulikuwepo mnazi wake mmoja mrefu uliozaa sana. Tukiwa tunazungumza, mtu mzima mmoja akaja kwa njia ya nyuma, akaangalia nyumba, akavaa kamba ya kukwelea miguuni, akaanza kupanda. Hatukuwa tumejificha, kivuli tu kilituficha. Nikataka kusimama. Mchoma chokaa akaniwekea mkono gotini.

Tulimtazama akipanda mpaka juu. Akashika dafu, akalizungusha kidogo. Kisha akaacha kulizungusha. Mkono ulibaki juu ya dafu muda mrefu, naye ameegemeza paji la uso kwenye shina, sijui kwa kuchoka au kwa jambo jingine. Kisha akautoa mkono, akaanza kushuka, mikono mitupu, polepole. Alikuwa karibu nusu ya mnazi vijana waliokuwa wakitoka shambani walipomwona wakapiga kelele. Mara kiwanja kikajaa watu, na fimbo, na jumbe wa kijiji naye akaja akiwa bado ana wali mkononi. Yule mtu aliruka sehemu iliyobaki, akaanguka, wakamshika.

"Naapa sikuchuma!" alikuwa akisema. "Tazameni, sina kitu! Nilikuwa nashuka!"

"Unashuka? Nani kakuona unashuka?" wakamzomea. "Ulipanda kuangalia Unguja?"

Jumbe akawanyamazisha, akaja kivulini. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema ni lazima alifikishe jambo hili mahakamani, wizi wa nazi umezidi, lakini anataka kujua kwa uhakika.

"Mzee, mnazi wako na wewe umekaa hapa. Alikuwa anapanda au anashuka?"

Watu wakasogea kumsikiliza. Yule mtu alimtazama mchoma chokaa kwa macho ya kuomba, na nikaona midomo yake inasema neno lile lile, nashuka, nashuka, bila sauti. Alitaka mzee aseme ukweli. Ndiyo hoja aliyokuwa nayo, hana nyingine.

Mchoma chokaa akautazama mnazi kutoka chini mpaka juu.

"Mimi nilikuwa nimelala," akasema.

Jumbe hakuridhika. Akanigeukia. "Na wewe mgeni?"

Sikuwa nimejitayarisha. "Nami pia," nikasema.

"Wote wawili? Mmekaa kwenye vigoda mmelala?"

"Jua kali," akasema mchoma chokaa. "Na simlaumu mtu kwa nisichokiona. Nazi zangu zote ziko juu, zihesabuni."

Kulikuwa na kunung'unika. Mmoja akasema mzee amezeeka. Jumbe akakumbuka wali wake. Wakamsukuma yule mtu, wakampa maneno mawili matatu ya aibu, wakatawanyika kidogo kidogo kama watu waliokosa ngoma. Yeye alibaki amesimama, haamini, kisha akaanza kwenda kwa kuchechemea, bila kugeuka, bila hata kusema ahsante.

Nilimtazama mchoma chokaa. Alikuwa ameikalia mikono yake. Swali langu nililiacha pale pale.

Yule mtu alikuwa amefika kwenye kichaka, karibu kupotea, mzee alipoinuka akaenda polepole hadi chini ya mnazi, akaokota kitu.

"Wee!" akamwita. "Kamba yako hii."

Akangoja pale, mkono ameunyoosha, mpaka yule mtu aliporudi kuichukua.